Kulala na Kula Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wageni wengi huuliza malazi kwanza, chakula baadaye. Sisi tunaoishi huku tunatamani waulize vyote kwa pamoja, maana mtaa unaolala ndio unaoamua utakula nini, saa ngapi na kwa bei gani. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi kila msimu wa likizo. Jibu lolote unaweza kulisoma peke yake.

## Mtaa, chumba na bei

Nakuja Mwanza kwa mara ya kwanza. Nilale mtaa gani?

Kama una siku mbili tatu, tafuta chumba katikati ya jiji au Kirumba. Utakuwa karibu na Soko Kuu, bandari, kivuko cha Kamanga na mwalo wa Kirumba, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Ukitoka nje jioni hutakosa mtu mwenye jiko la mkaa anayekaanga au kuchoma kitu. Daladala za kila upande zinapita. Ubaya wake ni kelele. Tazama swali la usingizi.

Capri Point ni rasi iliyoingia Ziwa Victoria, ina miti, utulivu na hoteli ambazo bustani zake zinashuka mpaka karibu na maji. Ukitaka kukaa barazani kuangalia jua linavyozama, nenda huko. Ila usitegemee kukuta mama lishe kwenye kona. Utakula hotelini kwa bei ya hotelini, au utapanda bodaboda kurudi mjini kila ukisikia njaa, na mimi nisingependa mgeni wangu amalize safari yake akiwa amekula chipsi kuku za hotelini tu.

Isamilo na kilima cha Bugando kuna upepo mzuri na unaliona jiji lote. Uliza mapema kuhusu ngazi. Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe, bodaboda inakushusha chini, na mzigo unaubeba mwenyewe.

Nyegezi na Malimbe kuna bei nafuu kwa sababu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na chakula chake ni cha kushibisha. Pasiansi na Ilemela zinamfaa mwenye ndege ya alfajiri. Igoma na Nyamhongolo zinamfaa anayeondoka kesho yake kwenda Musoma au Serengeti.

Gesti, lojingi na hoteli zina tofauti gani? Niandae shilingi ngapi?

Mabango yasikudanganye, kwani kila mwenye nyumba huandika neno analolipenda. Uliza chumba chenyewe kina nini. Gesti ya kawaida ina vyumba vya choo cha nje na vya self, feni, neti na televisheni ndogo. Chumba cha self huwa kati ya 15,000 na 35,000. Lojingi nzuri yenye kiyoyozi, maji ya moto na chai ya asubuhi mara nyingi inaanzia 40,000 kwenda juu. Hoteli kubwa za ziwani ni kuanzia laki moja na kuendelea.

Watu wengi husahau hosteli za makanisa na vituo vya dini. Ni safi, zina ulinzi, hazina baa, na chakula chake ni cha nyumbani: wali, maharage, mchicha, samaki mara kadhaa kwa wiki. Kwa dada anayesafiri peke yake, au mzazi anayemleta mgonjwa Hospitali ya Bugando, mimi huzitaja hizi kwanza. Sharti lake ni kuwahi kurudi, kwa sababu geti linafungwa.

Niweke nafasi mapema au nije tu?

Siku za kawaida njoo tu. Weka nafasi mapema ikiwa unakuja wakati wa mahafali ya vyuo, mikutano mikubwa ya dini, sikukuu za Desemba, au mechi kubwa Uwanja wa CCM Kirumba. Ukipiga simu, uliza jina la aliyepokea na umtumie ujumbe wenye tarehe na bei mliyokubaliana. Usitume pesa ya siku zote kwa namba ya mtu binafsi kabla hujakiona chumba.

Niangalie nini kabla ya kulipa?

Mwombe mhudumu akuoneshe chumba. Hakuna atakayekasirika. Fungua bomba, subiri maji yatoke, kisha uliza kama kuna simtanki, maana mgao wa maji hutokea. Washa feni. Tandaza neti uone kama ina matundu na kama inafika chini ya godoro. Malaria bado ipo ukanda huu wa ziwa. Jaribu kitasa kwa ndani. Chungulia dirishani: ukiona paa la baa au spika, omba chumba cha upande wa pili.

Halafu uliza muda wa kutoka. Sehemu nyingi ni saa nne asubuhi, na ukipitiliza unaweza kudaiwa siku nzima. Kama basi lako ni la jioni, omba kuacha begi mapokezi.

Kwa nini wananiandika kwenye daftari na kutaka kitambulisho?

Ni utaratibu wa nyumba zote za wageni. Kitambulisho cha taifa, leseni, pasipoti au kadi ya mpiga kura vinakubalika. Utaandika unakotoka na unakokwenda. Wapenzi wasiooana hupokelewa sehemu nyingi, isipokuwa hosteli za dini ambako mnaweza kupewa vyumba tofauti. Mkiwa wawili semeni mko wawili toka mwanzo.

Nina usingizi mwepesi. Kelele za Mwanza zikoje?

Zipo za aina tatu. Muziki wa baa, mkali zaidi Ijumaa na Jumamosi. Adhana na mikesha ya makanisa. Na biashara ya samaki, ambayo huanza watu wengine wakiwa bado wamelala: karibu na mwalo, malori na mikokoteni husikika kabla ya jua kuchomoza. Lala mlimani, au chagua chumba cha nyuma ghorofa ya juu. Mwenye usingizi mzito akae karibu na mwalo, na aamke na hizo kelele, kwa kuwa muda huo ndio soko linapendeza.

Jioni dirisha langu lilijaa vidudu vidogo. Ni mbu?

Hapana. Ni wadudu wa ziwani. Huzaliwa majini na kupaa kwa wingi mpaka kwa mbali juu ya ziwa wanaonekana kama moshi unaopanda. Hawaumi. Wanafuata taa. Zima taa ya nje na ya chumbani, funga dirisha, subiri, asubuhi utawafagia. Ila mbu nao wapo jioni hiyohiyo, kwa hiyo neti ni lazima.

Nataka nyumba yenye jiko nipike mwenyewe. Zipo?

Zipo, hasa pembezoni: Bwiru, Kiseke, Buswelu, Nyegezi. Kwa familia ya watu wanne zinaokoa pesa nyingi. Uliza kama gesi imo kwenye bei na kama sufuria zinatosha. Tena uliza waziwazi kama unaruhusiwa kukaanga samaki, kwa sababu wenye nyumba wengine hawataki ile harufu kwenye mapazia.

Sokoni huna haja ya kubeba samaki mzima na magamba yake. Wapo vijana na kina mama wanaoparua, kutoa utumbo na kuchanja mbavuni kwa malipo kidogo. Simama uangalie, na umsihi asipasue nyongo, maana ikipasuka uchungu wake hautoki hata kwa ndimu tatu.

## Samaki

Sato na sangara, nianze na yupi?

Anza na sato, na umle mzima. Nyama yake ni tamu, laini, na ladha yake inabadilika kutoka kichwani hadi mkiani. Mpishi mzuri humchanja mbavuni, humpaka chumvi na ndimu, humwacha kidogo, kisha humzamisha kwenye mafuta yaliyochemka sawasawa mpaka mapezi yakauke na kuvunjika mkononi. Analetwa na ugali, kachumbari na pilipili. Kula kwa mkono. Kijiko hakiwezi kutafuta miiba.

Siku ya pili mwombe sato chukuchuku. Huyu hachomwi wala hakaangwi. Anachemshwa taratibu na nyanya, kitunguu, chumvi na ndimu, hakuna mbwembwe, na mchuzi wake mwepesi ndio unaokuonesha kama samaki alitoka ziwani leo au juzi. Kwa maoni yangu hakuna njia bora ya kumjua samaki wa huku. Wenyeji wanaotoka kazini wamechoka huagiza hiki.

Sangara ni samaki mkubwa, mwenye nyama nene nyeupe na mafuta mengi. Mmoja anaweza kuzidi kilo 100. Si mwenyeji wa ziwa hili: aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akala samaki wadogo wengi, hasa furu, na baadaye akajenga viwanda vya minofu vinavyosafirisha nje ya nchi. Mezani anakuja vipande, vya kukaanga au rosti. Miiba yake ni mikubwa na michache, kwa hiyo ndiye wa kumpa mtoto.

Ninaagizaje bila kupigwa bei ya mgeni?

Samaki mzima huuzwa kwa ukubwa wake, na wauzaji wengi hawana bei ya ukutani. Nenda mwenyewe kwenye friji au beseni, nyosha kidole kwa unayemtaka, uliza bei yake pamoja na ugali, mkubaliane, ndipo aende jikoni. Ukikaa tu na kusema "niletee samaki", ataletwa mkubwa kuliko wote. Hapo hujadhulumiwa, hukusema.

Uliza pia atachukua muda gani. Samaki wa kukaangwa papo hapo anataka nusu saa na zaidi, wa kuchoma hadi saa nzima. Akiletwa baada ya dakika tano, alikuwa amekaangwa asubuhi na sasa amepashwa moto.

Nitajuaje kama ni mbichi kweli?

Macho yawe yamejaa na yanang'aa. Funua shavu: ndani pawe pekundu, pasiwe kahawia. Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama irudi mahali pake. Harufu iwe ya maji ya ziwa. Samaki wa barafu si mbaya akiwekwa vizuri, lakini basi asiuzwe kwa bei ya aliyetoka mwaloni asubuhi.

Sato wa kizimba ni tofauti na wa ziwani?

Sato wengi sokoni siku hizi hufugwa kwenye vizimba vinavyoelea ndani ya ziwa hilihili. Wanalingana ukubwa, wana mafuta zaidi, na wanapatikana hata siku wavuvi hawakwenda majini. Aliyevuliwa porini ana nyama iliyokaza zaidi. Wote ni chakula kizuri. Muulize muuzaji, wengi wanasema ukweli ukiwauliza kwa adabu.

Kwa nini kuna siku dagaa wabichi hawapatikani kabisa?

Angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, sasa nyingi ni taa za betri na za sola. Giza likiwa zito, dagaa huifuata taa kwa wingi na wavuvi hukokota. Mbalamwezi ikitanda, mwanga umeenea kila mahali na taa ya mvuvi haimvuti dagaa. Siku hizo wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu, na mwaloni kunakuwa kimya.

Kwa hiyo, kama ndoto yako ni kula dagaa wabichi waliokaangwa wakakauka, au kuona usiku taa za mitumbwi zimetapakaa ziwani mpaka ushindwe kujua maji yanaishia wapi, panga safari yako wiki ya mwezi mwandamo. Sijui kwa nini jambo hili haliandikwi kwenye vipeperushi vya utalii, wakati kila mtoto wa mwaloni analijua.

Siku za mbalamwezi dagaa wakavu hawakosekani. Chagua waliokaushwa kwenye chanja, juu ya nyavu. Wanang'aa rangi ya fedha na hawana mchanga. Walioanikwa chini ni bei rahisi, na inabidi uwaoshe mara kadhaa.

Nimesikia mapanki. Ni chakula cha kujaribu?

Mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kutoa minofu. Hukaangwa au kuchemshwa, na kwa familia nyingi ndiyo njia ya kumpata sangara. Kichwa kilichopikwa vizuri kina nyama tamu ya mashavuni ambayo minofu haifikii hata kidogo. Kula ikiwa imetoka jikoni ikiwa moto, kwa mtu unayemwona anapika kwa usafi. Iliyopangwa juani tangu asubuhi iache.

Kuna samaki wengine nje ya hao watatu?

Wapo, na watu wa rika la babu watakuambia hao ndio walikuwa samaki. Furu wadogo wa kuchemsha, ningu ambao hupanda mito wakati wa mvua, gogogo, kambale, na kamongo. Kamongo ana mapafu na anaweza kuishi kwenye tope ziwa likipungua. Nyama yake imekaza, watu wengine wanaipenda mno na wengine hawaigusi kabisa kwa mila za kwao. Hoteli hazina hawa. Uliza mwaloni au kwa mama lishe wa karibu na mwalo, ukubali utakachopewa siku hiyo.

Kitu kimoja tafadhali. Usinunue sangara aliye chini ya sentimita 50 wala sato aliye chini ya 25. Sheria inakataza kuwavua, na kila sahani ya samaki mchanga inayouzwa inamfundisha mvuvi kutumia nyavu zenye matundu madogo.

## Zaidi ya samaki

Chakula cha Kisukuma hasa ni kipi, na nitakipata wapi?

Hapa mgeni anahitaji subira, kwa kuwa chakula hiki kiko majumbani kuliko migahawani. Usukumani ni nchi ya ng'ombe, mtama, viazi vitamu na mpunga. Ukiamka vizuri unaweza kupata michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa vibichi, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Matobolwa yanatafunwa hivyohivyo na chai, au na karanga, na utamu wake unakaa mdomoni muda mrefu. Michembe hupikwa. Hivi ndivyo kaya zilivyohifadhi viazi mpaka mvua nyingine, na mtu aliyekulia kijijini akivinusa tu anakumbuka kwa bibi.

Nenda Soko Kuu, au soko la Igoma ambako wakulima wa Magu na Kisesa huleta mizigo yao. Uliza pia nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yanayopikwa na karanga na kuliwa na ugali wa mtama au wa dona. Maziwa ya mgando ni ya kunywa kwa kikombe kikubwa, hasa baada ya chakula cha mchana. Na mchele wa kanda hii unanukia. Wali wake na maharage yaliyoungwa kwa samli ni mlo kamili.

Ukitaka kula hivi ukiwa umetulia, njia ya uhakika ni kumwomba mwenye gesti au mhudumu akutafutie mama wa kukupikia, umpe pesa ya sokoni jana yake. Gesti ndogo za familia zinakubali kwa furaha. Hoteli kubwa zitakuletea menyu.

Asubuhi nile nini?

Supu. Ya ng'ombe, ya makongoro au ya sato, na chapati mbili, ndimu na pilipili. Ikifika saa nne supu nzuri imekwisha. Asiyeweza nyama asubuhi ana mihogo ya kukaanga, vitumbua, uji wa ulezi na chai ya maziwa. Chai ya bure ya lojingi mara nyingi ni mkate, yai na chai ya rangi. Ichukue kama huna nafasi, lakini usiifanye ikuzuie kwenda mtaani.

Kula kwa mama lishe ni salama kwa tumbo la mgeni?

Ni salama ukichagua kwa macho. Nenda saa sita mchana chakula kikiwa kinatoka jikoni, kaa palipojaa mafundi na madereva, angalia kama kuna maji ya kunawa yanayotiririka na sabuni. Chakula cha moto kinachofuka mvuke kina hatari ndogo kuliko saladi ya hotelini iliyokaa mezani. Maji kunywa ya chupa au yaliyochemshwa. Kachumbari iache siku ya kwanza na hasa nyakati kukiwa na taarifa za kipindupindu.

Sili samaki wala nyama. Nitaishi?

Vizuri kabisa. Maharage, choroko, mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, ndizi, wali. Sema mapema kwamba hutaki "hata dagaa", kwa kuwa wapo wapishi wanaotia dagaa kwenye mboga kuongeza ladha na hawawahesabu kama samaki. Mwenye mzio wa karanga awe makini zaidi: kisamvu na nsansa karibu mara zote vinaungwa kwa karanga.

## Nje ya jiji

Ukerewe nilale au niende na kurudi?

Lala. Meli kutoka Bandari ya Mwanza Kaskazini hadi Nansio huchukua saa tatu na zaidi, na ukienda na kurudi siku hiyohiyo utakuwa umetembelea meli. Njia nyingine ni barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi.

Nansio kuna gesti za kawaida na lojingi chache nzuri. Chakula ni samaki na ugali wa muhogo, mweupe, unaovutika, tofauti kabisa na wa mahindi. Mgeni huuona mzito mara ya kwanza. Kata tonge dogo, lowesha na mchuzi, umeze bila kutafuna sana. Machungwa ya Ukerewe ukiyakuta msimu wake nunua kikapu.

Panda chombo kisichojaa kupita kiasi na ujue maboya yako wapi. Mwaka 1996 tulipoteza watu wengi MV Bukoba ilipozama, na Septemba 2018 tukawapoteza tena zaidi ya mia mbili kwenye MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara. Ukiona chombo kimejaa, kiache kiende.

Kwenda Bukoba kwa meli usiku inahesabika kama malazi?

Ndiyo, ukikata tiketi ya kitanda. Unalala ziwani, unapita Kemondo alfajiri, unashuka Bukoba asubuhi. Thibitisha ratiba bandarini kwa kuwa hubadilika. Beba chakula cha usiku kutoka Mwanza. Ukishuka, samaki pumzisha: huko ni ndizi zilizopikwa na maharage au nyama, kahawa, na msimu wa mvua ukifika, senene.

Naweza kulala Bujora?

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini njia ya Musoma. Yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kuna sehemu ya kulala wageni na ya kupiga hema. Piga simu mapema, hasa mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo, ambapo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma na watu hujaa. Siku hizo nje ya uwanja ndiko nyama choma na vyakula vya kienyeji vinapopatikana kwa wingi kuliko siku nyingine zote za mwaka.

Na visiwa vya Saanane na Rubondo?

Saanane ni dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo, ya kutembea nusu siku. Beba maji na chakula, rudi ukale mjini. Rubondo ni safari kamili, kisiwa kikubwa chenye msitu na sokwe. Lala humo kwenye nyumba za hifadhi na ubebe vyakula vyako vya kupika. Ukienda upande huo kwa gari sasa unavuka Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na ile foleni ya kivuko imekwisha.

## Mambo ya pembeni

Naweza kuogelea mbele ya hoteli?

Kwenye bwawa la hoteli, ndiyo. Ziwani nakushauri usifanye hivyo. Kichocho kipo katika maji ya kando ya ziwa, hasa penye majani na konokono, na kinaingia kupitia ngozi bila wewe kuhisi kitu. Sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Kama umekwisha kuingia, mwambie daktari ulikuwa Ziwa Victoria, hata kama zimepita wiki kadhaa. Dawa yake ipo.

Basi limenishusha saa nane usiku. Nifanyeje?

Kaa stendi palipo na taa. Nyegezi hupokea mabasi ya Shinyanga, Dodoma na Dar es Salaam. Nyamhongolo ya Musoma na Simiyu. Gesti ziko jirani na stendi zote mbili. Lala hapo, uhamie mjini asubuhi. Usimfuate mtu anayekuambia gesti uliyopiga simu imejaa. Piga simu mwenyewe.

Nakuja na watoto wadogo.

Chumba cha familia au nyumba yenye jiko. Sangara badala ya sato, kwa sababu ya miiba. Ngazi za milimani na baraza za juu ya mawe hazina uzio kila mahali. Kagua kabla ya kulipa.

Rafiki yangu anasema nilale kwao. Nikubali?

Kubali. Utakula kile kilichotajwa kwenye swali la chakula cha Kisukuma, tena kikiwa kimepikwa na mtu anayekijua tangu utoto. Usiende mikono mitupu: sukari, sabuni, mchele au mkate vinatosha. Salimia wazee kwanza, shikamoo inaeleweka, na ukiweza "mwangaluka" ya asubuhi utaona nyuso zinavyofunguka.

Ukichinjiwa kuku wa kienyeji na firigisi ikawekwa upande wako, pokea, umepewa heshima. Kama kuna kitu huli kwa dini au kwa afya, mwambie rafiki yako kabla ya kufika, ili mama asipike kitu ambacho hutagusa. Na siku ya kuondoka, pesa ukitaka kuacha, mpe mama kwa faragha ukisema ni ya sabuni ya watoto. Ukimpa mbele ya watu kama unalipa chumba, utamuumiza.

Nataka kurudi nyumbani na samaki. Nibebe vipi?

Dagaa wakavu ni rahisi: wafunge mifuko miwili, waweke mbali na nguo. Samaki wa kubanika wanastahimili safari ya siku moja wakiwa wamefungwa kwa karatasi zinazopitisha hewa; plastiki huwatia ukungu. Sato na sangara wabichi wagandishwe usiku mzima kwenye friji ya muuzaji au ya gesti, kisha wafungwe kwenye boksi la thermokoli na kuzungushiwa utepe. Makondakta hukataa boksi linalovuja maji, na ndege vilevile.

Nunua siku moja kabla, mpe muuzaji muda wa kugandisha, na usisubiri asubuhi ya safari. Ukibeba kiasi cha biashara badala ya kitoweo cha nyumbani, pitia kwanza ofisi ya uvuvi iliyopo mwaloni upate kibali, kwa maana kuna ukaguzi njiani.